Unyayo kuuma kwenye upinde, hiki ndo kilinisaidia
Jamani wenye unyayo unaokaza upande wa ndani ukisimama sana, someni hii. Nilikanda, nikabadilisha viatu, nikawa naokota taulo kwa vidole vya miguu, wapi. Kumbe kukunja vidole kunatumia sana misuli mirefu ya huku juu kwenye mguu, wakati msuli uliolegea ni abdakta halusi, ule unaotoka kisigino hadi shina la kidole gumba. Basi kaa, kanyaga chini unyayo wote, vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino mpaka upinde unyanyuke, shikilia kidogo, achia. Ila vidole vibaki vimenyooka! Vikijikunja tu, ile misuli mirefu imeshaingilia kazi. Mimi naweka kidole cha mkono pale kwenye upinde, nausikia msuli unavyovimba na kuwa mgumu, hapo najua nimepatia.