Siku moja na orodha ya Coaster

Gereji yetu ya Tabata ina fundi bodi, fundi umeme, seremala na mnunuzi. Watatu wa kwanza wana heshima yao. Mnunuzi, yaani mimi, naitwa "mtu wa cha juu", maana watu wanaamini anayetumwa Kariakoo na hela za mwenye gari kazi yake ni kumnong'oneza muuzaji aongeze kidogo kwenye risiti. Basi twende wote siku moja muone. Gari ni Coaster ya dizeli inayogeuzwa nyumba: kitanda, jiko, sinki, friji ndogo na umeme wa jua.

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya kutoka napima upya kila kilichoandikwa kwenye orodha. Fundi hupima kwa macho, na duka halirudishi hela. Halafu naangalia betri za gari. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani zina betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24, wakati friji, pampu ya maji na taa tunazofunga ndani zinataka 12. Kuna mafundi wanaoiba hiyo 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Vitu vinawaka na mteja anafurahi. Baada ya muda betri ile iliyoibiwa inakuwa chini kila siku, altaneta inayozichaji inaishia kuichemsha mwenzake, na zote mbili zinakufa. Kwa hiyo naongeza kwenye orodha chaja ya kutoa 24 kwenda 12. Fundi umeme hakuiandika. Anasema alisahau.

Saa 1:30. Daladala ya Kariakoo, nimesimama mguu mmoja.

Saa 2:30, Gerezani. Bolti za M8 za kufungia fremu ya kitanda na viti vyenye mikanda. Nazigeuza kichwa nisome: lazima pawe na 8.8, namba ya uimara wa chuma. Bolti isiyo na namba ni ya geti la uani, si ya kiti kitakachobeba mtu breki zikikanyagwa. Nati nachukua zenye pete ya nailoni, kwa sababu barabara ya makorongo hulegeza nati ya kawaida ndani ya wiki. Skrubu za stainless nazijaribu kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Zikinasa kwa nguvu narudisha, kwani mara nyingi hicho ni chuma kilichopakwa tu, na hewa ya chumvi ya Dar haina huruma.

Tyubu sita za gundi ya kuzibia paa na madirisha. Hapa sichukui silikoni ile inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inakula bati, haishiki rangi, na ukija kuibandua baadaye hakuna gundi nyingine itakayokaa pale. Nataka ya poliyurethani. Nasoma tarehe, kisha naminya tyubu kwa dole gumba. Ikiwa ngumu, ilishaganda ndani ikiwa kwenye shelfu la dirishani.

Saa 4:00, mitaa ya umeme. Hapa ndipo siku ilipokwama.

Ninachotaka ni kebo ya 35, yaani unene wa milimita za mraba 35, mita 6, ya shaba. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikiwa ya wati 1000 kwenye volti 12 inavuta ampea 83 kwa hesabu kavu. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta yenyewe, unakaribia 100. Ampea 100 si za waya wa taa. Ukitumia kebo ya 16 kwa umbali wa mita 3, kwenda na kurudi ni mita 6, unapoteza zaidi ya nusu volti njiani, na kilichopotea kinageuka joto ndani ya ukuta wa mbao. Ndiyo maana inveta inawekwa mita moja kutoka kwenye betri, na kebo inakuwa nene. Kwa mita hiyo moja na kebo ya 35, unapoteza sehemu moja tu ya kumi ya volti.

Winga akanidaka kona ya kwanza. Kwa asiyemjua, winga ni kijana asiye na duka. Anakuuliza unachotafuta, anakupeleka kwa mwenye nacho, na chake kiko juu ya bei. Simdharau, anajua duka lipi lina nini kuliko mtu yeyote Kariakoo. Tatizo ni kwamba kwake kila kitu ni "OG", yaani halisi.

"Bosi wangu, kopa tupu hiyo. Boksi limefunguliwa leo leo."

Nikaomba nikwangue ncha.

"Ukiikata umenunua."

"Sikati kaka, nakwangua."

Kebo laini ya namna ile imesukwa kwa nyuzi karibu 280, kila moja nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Nikautoa mmoja, nikaulaza kwenye kucha ya dole gumba, nikapitisha wembe. Juu wekundu mzuri wa shaba. Pito la pili, rangi ikabadilika. Chini ya ule wekundu ulikuwa mweupe, mweupe wa sufuria. Alumini iliyovishwa koti la shaba. Nikamwonyesha winga, akautazama, akautazama tena kwenye mwanga wa barazani.

"Lakini mkuu, si inapitisha umeme?"

Inapitisha. Lakini ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo kebo iliyoandikwa 35 inafanya kazi ya 22 hivi. Juu ya hapo alumini ni laini. Ukiibana kwenye lagi, kile kichwa chenye tundu kinachofungwa kwenye ncha ya kebo, inalegea kadiri inavyopata moto na kupoa, ikilegea inapata moto zaidi, na gari linaanza kunuka plastiki usiku watu wamelala. Mwenye duka hakubisha. Alisema zote siku hizi ndivyo zilivyo, kama sitaki nisonge nipishe wateja.

Duka la pili, hivyo hivyo. La tatu walinikataza kukwangua kabisa. Katikati ya hayo simu ya mwenye gari: "Mbona kimya kaka? Si waya tu huo?" Nikamjibu natafuta waya tu.

La nne walikuwa na roli la zamani lenye vumbi. Mzee mwenye duka akanipa wembe wake mwenyewe, jambo ambalo ni nusu ya jibu. Nyekundu hadi ndani. Bado nikaomba mita 6 zipimwe kwenye mizani ya misumari ya jirani. Mita moja ya shaba ya 35 ina gramu 300 na ushee, bila kuhesabu plastiki. Mita 6 pamoja na ganda lazima zipite kilo 2. Ya alumini ingecheza kwenye kilo moja na robo. Mshale ukapita mbili. Nikalipa, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaanza kuwaza chakula.

Waya wa friji haukunipa shida. Friji ya wati 45 inavuta karibu ampea 4, na kwa mita 5 waya wa 2.5 unatosha. Ukibana hela ukaweka 1.5, unapoteza karibu nusu volti, na friji itaanza kukataa kuwaka alfajiri betri ikiwa chini. Fyuzi ya ampea 150 ya kukaa karibu kabisa na betri, na fyuzi ndogo kwa kila laini. Breka za nyumbani nilizikataa. Umeme wa betri hauzimiki kirahisi kama wa ukutani, cheche inaning'inia ndani ya breka mpaka inaiunguza.

Kama saa 8 hivi nilikula wali maharage. Kisha kontrola ya paneli, inayosimamia umeme wa jua unavyoingia kwenye betri. Sokoni kuna viboksi vyepesi vilivyoandikwa MPPT kwa herufi kubwa, na ndani hakuna hata koili. MPPT ya kweli inabadilisha volti za paneli, kazi hiyo inataka koili ya shaba na bati la kutolea joto, kwa hiyo ina uzito mkononi. Nageuza paneli nyuma, nasoma volti zake zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Nikifunga mbili kwa mfululizo najumlisha, na jumla lazima ibaki chini ya kikomo cha kontrola, na nafasi juu. Ukipitisha kikomo siku moja tu, imekufa.

Pampu, koki, klipu, mita 10 za mpira wa maji ya kunywa, tanki la lita 60. Mwenye gari alitaka la 150. Maji lita 150 ni kilo 150, na yanacheza kila kona.

Kirikuu, kigari cha mizigo nilichokodi, kilichukua muda mrefu kutoka Kariakoo kuliko muda wote niliokaa duka la mzee. Mkokoteni mbele, guta nyuma, mtu anashusha majora ya vitambaa katikati ya barabara. Sikuangalia saa tena.

Keko jua limeshaanza kushuka. Muuza mbao ananisukumia MDF kwa sababu ni nyororo na rangi inakaa vizuri. Ni kweli, kabatini nyumbani ni nzuri. Lakini shiti moja ya milimita 18 ina kilo 40 hivi, na ikinusa maji ya sinki inavimba kama andazi. Plaiwudi ya 12 ni nusu ya uzito huo. Natazama ubavuni: tabaka zisiwe na mashimo. Nagonga katikati kwa vifundo, na panapotoa sauti ya ngoma gundi haikushika. Shiti saba nilizikubali, nne nilizirudisha, na zile saba zikakatwa palepale mashineni. Mbao za paina 2 kwa 2 nazishika mkononi moja moja. Iliyo nzito na ya baridi bado mbichi, ikikaukia ndani ya gari itapinda na milango ya kabati haitafunga.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 na regyuleta ya presha ndogo. Seremala nilishamwambia boksi la mtungi liwe na tundu chini, sakafuni, litokee nje ya gari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini.

Foleni TAZARA, foleni Buguruni. Dereva wa kirikuu akanisimulia harusi nzima ya shemeji yake.

Tabata ni giza. Plaiwudi tumezilaza chali juu ya mbao tatu, maana ukiziegemeza ukutani asubuhi unakuta mgongo. Fundi umeme akaja na tochi, akafungua mfuko wa lagi. Nilichukua za 35 zenye tundu la milimita 8, zinazoingia kwenye betri na kwenye fyuzi. Inveta alileta mwenye gari mwenyewe, sikuipima. Bolti zake ni za 10.

Nimeandika: lagi 35 tundu 10, vipande viwili, na cha tatu cha akiba.