Johnson aliuza kabla hajachapa

Kazi yangu ni kusambaza vitabu hapa Dar es Salaam, na jibu nililolizoea kuliko yote dukani ni hili: "Hivi havitoki, kaka. Labda uniachie mali kauli." Ndiyo maana nikisoma habari za John H. Johnson, Mmarekani Mweusi aliyeanzisha majarida ya Ebony na Jet kule Chicago, utajiri wake haunishughulishi sana. Mimi nataka kujua maboksi yake yalipitia wapi.

Alizaliwa 1918 Arkansas City, kimji cha jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, ambako mtoto mweusi hakuwa na sekondari ya kwenda. Mama yake, Gertrude, alikuwa akiwapikia na kuwafulia watu. Alimrudisha mwanawe darasa la nane alirudie, ili asizurure huku yeye akidunduliza nauli ya Chicago. Walihamia huko 1933.

Johnson akapata kazi kwenye kampuni ya bima ya Weusi wenyewe, na bosi wake, Harry Pace, akampa jukumu la kupekua magazeti na kumwandalia muhtasari wa habari zinazowahusu watu weusi. Humo ndimo lilimotoka wazo la jarida lake la kwanza, Negro Digest. Mwaka 1942 alihitaji dola 500 za stempu. Mkopeshaji alitaka dhamana, na dhamana ikawa samani za mama, alizokuwa ndiyo kwanza amemaliza kuzilipia. Mama alisali kwanza kabla ya kukubali. Namwelewa kabisa, makochi ya mama yangu hata kuyasogeza unaomba ruhusa.

Pesa ile haikwenda kwa mchapaji. Johnson aliwaandikia wateja 20,000 wa bima: leteni dola 2 sasa, jarida mtalipata likitoka. Watu 3,000 walituma. Dola 6,000, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokwisha kupigwa chapa!

Kisha akakutana na mtu wa aina ninayoifahamu vizuri mimi. Joseph Levy, msambazaji wa Chicago, alimwambia majarida ya Weusi hayauziki. Johnson hakubishana. Aliwatuma rafiki zake wapite kwenye vibanda vya magazeti vya South Side, upande wa Chicago walikoishi Weusi wengi, wakiuliza, "Negro Digest ipo?" Levy akachukua mzigo. Johnson akawapa walewale pesa wakanunue nakala. Ni hila, ndiyo, na siwezi kuilaumu.

Ebony ilitoka Novemba 1945, nakala 25,000 zikaisha. Ila jarida la picha haliishi kwa bei ya kibandani, linaishi kwa matangazo, na kampuni kubwa za wazungu zilikuwa hazitangazi humo. Johnson alimwandikia Eugene McDonald, mkuu wa Zenith, watengenezaji wa redio. Akajibiwa kwamba mkuu huyo hazungumzii matangazo. Basi, akaomba wazungumze sera ya matangazo! Kabla ya kwenda alichunguza, akagundua kuwa McDonald amewahi kusafiri Aktiki na anamheshimu Matthew Henson, Mweusi aliyefuatana na mvumbuzi Robert Peary kwenye safari ya Ncha ya Kaskazini ya 1909. Siku ya miadi aliingia na kitabu cha Henson, chenye saini ya Henson mwenyewe. Zenith wakatangaza, na McDonald akawapigia simu wakuu wa kampuni nyingine.

Upande wa vitabu husahaulika. Mwaka 1949 Johnson alimwajiri mkutubi, Doris Saunders, aanzishe maktaba ya kampuni, na baadaye ndiye aliyeongoza idara ya vitabu. Mwaka 1962 kampuni ilitoa Before the Mayflower cha Lerone Bennett, historia ya Weusi wa Marekani iliyotokana na makala zake ndani ya Ebony. Kwangu mimi hapa ndipo penye akili zaidi: kitabu kilishapata wasomaji kabla ya kupata jalada.

Nimemsimulia mhariri wetu. Anasema sisi hatuna orodha ya watu 20,000. Sawa, lakini nina namba za simu za walimu walionunua kwetu mwaka jana, na nitaanza na hizo.