Namba Moja ya Duka, Simu Tatu

Duka letu la vitenge liko Kariakoo, stoo iko Tabata, na mama, ambaye ndiye mshika hesabu, hushinda nyumbani Mbagala. Wateja wa jumla wanaifahamu namba moja tu, ile inayoanza na 022, nami nilitaka ilie kotekote, apokee yeyote aliye karibu.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuingiza akaunti ileile na nenosiri lilelile katika simu zote tatu za intaneti. Zote zilionyesha kwamba zimesajiliwa, lakini mteja alipopiga ililia moja tu, leo ya dukani, kesho ya stoo, hata mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona yangu hailii?" Itifaki ya SIP, yaani kanuni ambazo simu za intaneti hufuata kujisajili na kupigiana, yenyewe inaruhusu simu kadhaa kujisajili kwa anwani moja zikalia pamoja, seva ya mtoa huduma wetu, hata hivyo, ilitunza usajili mmoja tu, kwa hiyo simu iliyojisajili mwisho iliifuta iliyotangulia, na kwa kuwa kila simu hujisajili upya baada ya muda, zilinyang'anyana namba kutwa nzima.

Nilinunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaiweka dukani na kuitilia Asterisk, programu huria ya kuigeuza kompyuta kuwa kituo cha simu, ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999. Sasa ni hiyo peke yake inayojisajili kwa mtoa huduma, nazo simu zetu zinajisajili kwake, kila moja na namba yake ya ndani, 101, 102 na 103, na nenosiri lake refu, kwa maana wezi wa dakika, wanaobahatisha nenosiri ili wapige simu kwa gharama yako, hawalali. Mteja akipiga zinalia zote. Ikipokelewa moja, nyingine zinanyamaza.

Tabata ilinisumbua zaidi, kwani simu ililia vizuri lakini sauti ya mteja haikufika. Chanzo kilikuwa kipengele cha ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, kiitwacho SIP ALG, kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu, nilipokizima, tulisikilizana.

Jambo moja sikuliwazia mapema: umeme ulipokatika Kariakoo, hata simu ya Mbagala ilikufa, kwa sababu zote zinaitegemea kompyuta ile ya dukani. Nimeifungia betri ya akiba, pamoja na ruta yake.