Mstari wa Maji Kwenye Mrija wa Ateri

Mrija huo, wa kupandikizwa mwilini badala ya ateri, ulikuwa wa polyesta, kipenyo milimita 10, umefumwa bila mshono. Asubuhi ile tulikuwa tunaupima uvujaji: ncha moja imefungwa, nyingine imeunganishwa na tangi la maji lililoinuliwa sentimita 163, kimo kinachotoa shinikizo la milimita 120 za zebaki. Tulitarajia mrija utoe jasho, vitone vidogo vilivyotapakaa kote. Badala yake maji yalichuruzika upande mmoja kwa mstari ulionyooka, toka ncha hadi ncha.

Tundu la sindano hurusha maji mahali pamoja. Mafuta ya kiwandani yasiyooshwa vizuri kwenye uzi huacha kiraka. Mstari unaofuata urefu wote wa mrija hutoka kwenye mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu.

"Hesabu nyuzi," fundi wa mashine alisema, hata kabla ya kuushika mrija.

Zilikuwa 158.

Mrija wa aina hii hufumwa ukiwa bapa, matabaka mawili yamelaliana, kwa fremu 4 zinazoinua na kushusha mtande: mbili za tabaka la juu, mbili za la chini. Mshindio, uzi unaokatiza mtande, huenda kupitia juu na kurudi kupitia chini, kwa hiyo ni uzi mmoja unaozunguka kama hesi za skrubu. Idadi ya mtande ikiwa witiri, kila mzunguko unaanza kinyume na uliotangulia, na juu-chini, juu-chini inaendelea bila kukatika. Ikiwa shufwa, mahali fulani kwenye mkunjo nyuzi mbili jirani hupanda na kushuka pamoja. Hakuna kinachozitenganisha wala kuzibana, na pembeni mwao panabaki mwanya.

Mmoja wetu alipendekeza tuupake jelatini tu, kwani mirija mingi hupakwa jelatini au kolajeni ili isivuje siku ya upasuaji. Kweli, maji yangekoma. Lakini mipako hiyo huyeyuka mwilini ndani ya wiki kadhaa. Hata kama tishu zitakuwa zimeziba mwanya, nyuzi zile mbili bado zitakuwa legelege, na moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Mshono wa daktari ukiangukia hapo, uzi wa mtande unateleza na tundu linapanuka. Mimi sikuona hoja ya kubishania.

Ajabu ni kwamba watangulizi waliishi na mstari wa aina yake. Mirija ya Vinyon N, kitambaa cha sintetiki, ambayo daktari wa upasuaji Arthur Voorhees na wenzake waliielezea mwaka 1952 huko New York, na ile ya Dacron, jina la kibiashara la polyesta, ambayo daktari wa upasuaji Michael DeBakey aliishona kwa cherehani huko Houston, ilianza kama vitambaa bapa, ikakunjwa na kushonwa ubavuni. Kufuma mrija mzima kuliondoa mshono huo, kukaleta hesabu hii ya witiri.

Fundi alitoa uzi mmoja kati ya wale mapacha, ukabaki mtande wa nyuzi 157, akafuma kipande kipya. Kilioshwa, kikavishwa kwenye fimbo yenye mifereji, kikafungwa kwa uzi, kikasukumwa kifanye mikunjo na kupitishwa kwenye joto lililo chini sana ya nyuzijoto 260 za Selsiasi, ambako polyesta huyeyuka. Bila mikunjo hiyo mrija ukipindwa hujibana katikati.

Kwenye tangi, mstari ulikuwa umetoweka. Jasho lilitapakaa sawasawa, ila kwenye kingo mbili za ubavuni, pale mrija ulipokunjika ukiwa bapa kwenye mashine, palikuwa pakavu kuliko kwingine. Hilo ni kosa tofauti: mshindio ukivutwa mno hukusanya mtande pembeni, na mrija unakuwa mgumu hapo. Fundi alipunguza mvuto wa mshindio, akaacha meno ya pembeni ya chanuo, kitana kinachopanga mtande, yabebe nyuzi chache kuliko mengine, kisha akakata ncha kwa kisu cha moto, maana kitambaa kilichofumwa hivi kikikatwa kwa mkasi hufumuka palepale sindano inapopita.