Jiwe jeupe la Uluguru

Jana binti yangu alirudi kutoka kwenye lundo la kokoto la jirani na jiwe jeupe mkononi. "Mama, hili ni jiwe gani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga, nikaenda kutafuta msumari.

Ni kwa sababu ya yule mzee wa kambini. Mwaka ule wa mafunzo kwa vitendo tulikaa wiki tatu chini ya milima ya Uluguru: jua, wali maharage, nyundo. Mzee hakuwa na shahada, ila alikuwa amewabebea wanajiolojia sampuli tangu ujana wake.

Kwenye korongo moja nikakuta mwamba mweupe, chembe zake zinametameta kama sukari. Nikaandika kwa wino: kwatsaiti, yaani mchanga uliogeuka mwamba mgumu.

"Umelikwaruza, mwanangu?"

Nikatoa kisu. Kikaingia, kikaacha mfereji na vumbi jeupe. Kwatsaiti isingekubali: ugumu wake ni kama 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, na kisu cha kawaida hakifiki hata 6. Basi ni marumaru, nikajisemea (marumaru yenyewe, si vigae vya dukani), nikaikata kwatsaiti na kuandika jina jipya. Nikafungua kichupa cha asidi, nikadondosha tone moja. Marumaru ya kalsaiti, madini ya chokaa, hutoa povu papo hapo.

Tone likatulia juu ya jiwe kama umande. Harufu kali ikanipanda puani. Nikangoja. Kimya. Nikainamia daftari nilikate na hilo jina pia, mzee akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. Akachukua kisu, akakwangua taratibu mpaka vumbi likawa kilima kidogo. "Weka tena."

Safari hii vikaja viputo vidogo, kimoja kimoja, kama sufuria inayoanza kupata moto. Nikasogeza sikio. Lilikuwa linachemka kweli, kwa sauti ndogo sana.

Marumaru kweli, ila ya dolomaiti. Ina magnesi ndani yake, ndiyo maana haiitikii asidi baridi upesi mpaka isagwe. Jiwe lile liliwahi kuwa matope ya chokaa chini ya bahari, likazikwa, likabanwa na kupikwa bila kuyeyuka, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwamba geu, basi, wala si wa moto wala mashapo tena. Weupe wake haukuwa umeniambia lolote kati ya hayo.

Daftari ninalo bado, kwatsaiti imekatwa kwa mstari. Mzee ametangulia mbele ya haki.

Binti alikwaruza kwa msumari. Jiwe halikuchanika, msumari ndio uliochubuka, ukaacha alama ya kijivu. Tukajaribu kwenye chupa kuukuu, jiwe likachora kioo. Siki nayo haikutoa kiputo hata kimoja.

"Kwa hiyo tumeshalijua?"

Nikamwambia bado. Akanitazama kwa muda, nisijue kama nimemfundisha au nimemchosha. Asubuhi nimelikuta jiwe chini ya mto wake, pamoja na msumari.