Nilivyojenga nyumba ya Normandy ya 1944 kwa skeli ya 1/35, kuanzia jiwe mpaka kifusi

Wengi wakiona dayorama yangu, yani ile mandhari ndogo ya Vita vya Pili vya Dunia niliyoijenga mezani, wanaulizia kifaru kwanza, ile Sherman ya Waingereza iliyokata kona, na mimi nafurahi kwa sababu nimeihangaikia, lakini kiukweli kazi niliyoipenda kuliko zote ni nyumba iliyoko nyuma yake, ya ghorofa moja, chini kafe juu wanaishi watu, upande mmoja umebomolewa na kombora. Kifaru unanunua boksi, vipimo vyote vimeshapigwa kiwandani, wewe unaunganisha na kupaka rangi. Nyumba hakuna aliyekupimia. Zipo zile za plasta zinazouzwa tayari, ila nyingi ni nyumba za popote, ukiitoa Ufaransa ukaiweka Ubelgiji au Italia hamna atakayestuka, na mimi nilitaka mtu aliyewahi kupita ile barabara ya kutoka Bayeux aangalie aseme hapa napajua.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote nilichagua mahali. Siyo "Ufaransa", maana Ufaransa kila eneo lilijenga kwa kile kilichokuwa chini ya miguu yao. Kusini kule Provence paa limelala na vigae vyake ni vya mviringo vyekundu, Normandy, kule kaskazini, paa limesimama, nyuzi 45 mpaka 55 hivi, na ukichanganya hayo mawili basi hata ungekuwa fundi kiasi gani dayorama imeshakufa. Na Normandy yenyewe siyo moja. Pays d'Auge upande wa Lisieux ni fremu za mbao na katikati udongo uliochanganywa na majani makavu, kwenye mabonde ya Carentan kuna kuta za udongo mtupu, ukizidi kwenda Cotentin unakutana na granite na mawe meusimeusi, alafu Caen na eneo la Bessin ni mawe ya chokaa, lile jiwe la rangi ya krimu ambalo Waingereza walilisafirisha wakajengea mpaka Tower of London. Mimi nikachukua Bessin, kijiji cha kubuni kati ya Bayeux na Tilly-sur-Seulles, Juni 1944, wakati Divisheni ya 50 ya Waingereza inapambana na Panzer Lehr, divisheni ya vifaru ya Wajerumani. Ukishasema hivyo maswali kibao yanajijibu yenyewe, jiwe unalijua, paa unalijua, hata rangi ya vumbi unaijua.

Picha sasa. Kuna mkusanyiko mkubwa wa picha za Normandy mtandaoni, nyingi zimetoka hifadhi za taifa za Marekani na Kanada, na Imperial War Museum nao wana za upande wa Waingereza, hizo zinakuonyesha uharibifu vizuri sana. Ila mpiga picha wa jeshi alikuwa anapiga askari na vifaru, nyumba inaingia kwa bahati tu, imekatwa juu imekatwa pembeni. Kilichonisaidia zaidi ni postikadi za zamani, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1900, maana Wafaransa walipiga picha karibu kila kijiji, mtaa mkuu, kanisa, kafe na mwenye kafe kasimama mlangoni, na nyumba nyingi za mawe hazikubadilika kitu mpaka 1944. Street View, zile picha za mitaani za Google, nazo tumia lakini kwa akili, kwa sababu Caen, Saint-Lô, Villers-Bocage, Aunay-sur-Odon zilipigwa vibaya na sehemu kubwa ya unachokiona leo kimejengwa upya baada ya vita, madirisha mapana, mawe yamekatwa sawasawa kwa mashine, unaweza ukanakili jengo la 1950 ukaliweka mwaka 1944 bila kujua. Mimi nilitembea sana Bayeux kwenye skrini, ule mji Waingereza waliingia tarehe 7 Juni na haukubomolewa, kwa hiyo nyumba zake ni ushahidi mzuri. Alafu kuna tovuti ya taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN, inaweka picha za angani za zamani pembeni ya za leo, ukiona paa liko pale kwenye picha ya miaka ya 1940 na leo lipo, nyumba hiyo iamini.

Vipimo havina uchawi, chukua milimita za kweli gawa kwa 35. Mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 50, mlango wa mita 2.1 unakuwa 60, ghorofa ya mita 2.8 ni 80. Mimi kila nikichora ukuta kwenye karatasi ngumu nasimamisha askari mmoja wa plastiki mlangoni na mwingine dirishani, na hapo hapo jicho linakuambia kama nyumba ni kubwa au ndogo, jicho halidanganyi kabisa kwenye hilo. Nyumba yangu ina kina cha mita 6 na paa la nyuzi 50, maana yake paa peke yake linapanda sentimita 10 juu ya kuta, jumla nyumba inafika kama sentimita 27, na watu wanashangaa inavyokimeza kifaru. Ndivyo inavyotakiwa. Ukipunguza nyumba ili kifaru kionekane kikubwa unaharibu ile hofu ya askari kupita chini ya madirisha ya juu.

Sasa kitu ambacho naona ndio roho ya kazi yote, unene wa ukuta. Nyumba za mawe za kule zina kuta za sentimita 50 mpaka 60, kwa 1/35 hiyo ni milimita 14 mpaka 17, na nyumba nyingi za dayorama utakuta ukuta una milimita 5, unaonekana kama kadibodi hata ukiupaka rangi vizuri namna gani. Unene ndio unaoleta kivuli kwenye madirisha, na ndio unaoamua ukuta unavunjikaje. Hili la kuvunjika picha za vita hazikunitosha, nikaenda Bagamoyo kwenye magofu ya Kaole, maana kule kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizobomoka na unaweza ukasogeza macho mpaka karibu kabisa. Nikachuchumaa pale ukuta ulipokatika. Ndani mawe hayana mpangilio, makubwa kwa madogo, yamezungukwa na chokaa inayochuruzika kama unga ukiipitishia kidole, na ukingo haukatiki kwa mstari, unakatika kwa kufuata jiwe, hili limebaki limejitokeza, lile limeng'oka likaacha shimo lenye umbo lake. Matumbawe siyo jiwe la Caen najua, na Kaole ni karne za mvua, kingo zimelainika na majani yameota, wakati kombora linaacha kingo kali na rangi mpya ya jiwe. Lakini tabia ya ukuta wa mawe na chokaa ni ile ile, na nikirudi mezani nilikuwa najua mkono wangu unatakiwa kufanya nini.

Ukuta nilitumia stairofomu ile ngumu, siyo ya chengachenga inayokuja na tivii, nikagandisha vipande viwili kwa gundi ya mbao kufika milimita 15. Mawe nachora kwa penseli kwanza, alafu nafuatisha kwa ncha butu ya kalamu iliyoisha wino. Angalieni mpangilio: kona za nyumba na pembeni mwa madirisha ni mawe yaliyochongwa vizuri, marefu kwa mafupi yanapishana, lakini katikati ya ukuta ni mawe ya hovyohovyo madogo madogo na chokaa nyingi, kwa sababu jiwe la kuchonga lilikuwa ghali na mwenye nyumba aliliweka panapoonekana na panapobeba mzigo. Pale ukuta ulipobomoka nikachimba kwa vidole na kibanio, nikajaza plasta ya Paris na vipande vya plasta iliyokauka nilivyoviponda, ikatoka karibu kabisa na nilichokiona Kaole.

Madirisha hapa ndipo Mfaransa anapojulikana. Ni marefu kuliko upana, mita 1 kwa 1.8 hivi, ya juu mara nyingi mafupi kidogo kuliko ya chini. Yana mabawa mawili na yanafunguka kwa NDANI, kwa sababu nje kuna shata za mbao ambazo zenyewe zinafunguka kwa nje na kulala ukutani. Basi fremu huiweki usawa wa ukuta, unairudisha ndani kama sentimita 20 za kweli, milimita 6, na ule urudishaji ndio unaoleta kivuli nilichokuwa nasema. Bawa moja nililiacha wazi ndani ili fito la chuma la kufungia lionekane, lile linalosimama kutoka juu mpaka chini na kitasa katikati, ni waya mwembamba na tone la gundi tu, lakini anayejua akiliona anatabasamu. Shata za chini nimefanya za mbao nzima, za juu zenye vijiti vya kupitisha hewa. Mbao zote zimetoka kwenye vijiti vya kukorogea kahawa, nyuzi zake ni ndogo, zinakubali skeli.

Paa ni kazi ya uvumilivu. Vigae vya sleti, yani jiwe jembamba la kijivu, vya sentimita 32 kwa 22 vinakuwa milimita 9 kwa 6, na kwa kuwa kila safu inafunikwa na nyingine, kinachoonekana ni kama milimita 3 tu. Hesabu mwenyewe, upande mmoja wa paa unakula safu zaidi ya 40. Nilikata karatasi ngumu vipande virefu, nikapasua kwa wembe kila milimita 6 bila kufika mwisho, nikabandika kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikihama nusu kigae. Alafu nikarudi na kung'oa kimoja hapa, kukipindisha kingine pale, kwa sababu paa la nyumba ya kijijini lenye umri wa miaka mia haliwezi kuwa limenyooka. Chimni iko juu ya ukuta wa ubavuni na ni ya matofali hata kama nyumba ni ya mawe, tofali la kule sentimita 22 kwa 11 kwa 6, yani milimita 6.3 kwa 3.1 kwa 1.7, hayo niliyakata moja moja kwa kuwa nilihitaji mengine yaliyolegea kwenye kifusi.

Maandishi niliprinti steshenari kwenye karatasi nyembamba. Kibao cha mtaa ni bluu na herufi nyeupe, juu ya kafe kuna ile alama nyekundu ya wauza tumbaku, na kwenye ukuta wa ubavuni yale maneno yaliyopakwa Ufaransa nzima, DÉFENSE D'AFFICHER, LOI DU 29 JUILLET 1881, kukataza watu kubandika matangazo. Nguzo ya kilomita barabarani kichwa chake nimekipaka njano kwa sababu ni barabara ya wilaya, nyekundu ni za kitaifa. Kwenye vioo vilivyobaki nikabandika vipande vyembamba vya karatasi kwa msalaba, watu walifanya hivyo kioo kisiwarukie mabomu yakipiga.

Uharibifu nao una mantiki na lazima uamue kwanza kombora limeingilia wapi. Langu limeingia kona ya juu kushoto. Upepo wa mlipuko unarusha vigae mbali sana kuliko shimo lenyewe, kwa hiyo eneo kubwa la paa limebaki kenchi na papi tu, vigae vimekwenda mpaka upande wa pili wa barabara. Sakafu ya juu imekatika, mihimili inachungulia, lakini ukuta wenye chimni umesimama kwa sababu ndio mnene, na pale juu hewani kumebaki sehemu ya kuotea moto na karatasi ya maua ya ukutani imening'inia. Kifusi lazima kilingane na ulichokitoa. Nilihifadhi kila kipande nilichokivunja, nikaongeza, maana mawe yakianguka yanaacha nafasi katikati na rundo linakuwa kubwa kuliko ukuta ulivyokuwa. Chini kabisa plasta na vumbi, katikati mawe, juu mbao na vigae, kwa sababu vingi vya juu vilishuka mwishomwisho. Sikuweka kifusi sawa kila mahali, kimemwagika kama mteremko kutoka kwenye shimo.

Rangi nilianza na krimu iliyokolea, nikapitisha rangi ya majimaji ya kijivu kwenye viungo, brashi kavu ya krimu nyepesi juu. Mawe yaliyovunjika karibuni yawe meupe zaidi kuliko uso wa ukuta, ule umeshakaa mvuani miaka na kuwa kijivu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hili limetokea asubuhi hii. Vumbi la chokaa nimelipeleka mpaka kwenye minyororo ya Sherman na mabegani kwa askari, kitu kimoja hicho kimeunganisha kifaru na nyumba kuliko nilivyotegemea.

Sa hivi niko kwenye upande wa pili wa barabara, ukuta wa shamba. Mashamba ya Bessin yamezungukwa na kuta ndefu na yana mageti mawili pamoja, moja kubwa la tao la kupitisha mikokoteni na pembeni yake dogo la watu. Kubwa nimelipangia mita 3.5, sentimita 10 kwenye skeli, dogo milimita 29. Sherman ina upana wa mita 2.62, yani milimita 75, inapita na nafasi ya kama milimita 12 kila upande, na nafikiria nguzo moja ya geti iwe imekwaruzwa na kifaru kilichotangulia, usawa wa minyororo, jiwe jeupe limefunguka.