Siku nyuki alipotoa ulimi kwa harufu ya karafuu

Nyuki kwenye mashini ya miwa ni kitu cha kawaida, yeyote aliyewahi kunywa maji ya miwa karibu na Marikiti, Mombasa, anajua, mkono mmoja washika glasi na mwingine wapunga. Ami yangu alikuwa na mashini yake upande wa Kibokoni na mi nlikuwa namsaidia baada ya kumaliza fomu foo, nakwangua miwa, naikata, naponda barafu, nakamua ndimu. Nyuki hawakumsumbua ami hata kidogo. Kwake yeye nyuki ndo kibao cha biashara, mteja akiwaona wamejaa anajua hapa hamna sukari ya dukani iliyokorogwa na maji.

Basi Januari 2019, kaskazi limepamba moto, binamu yangu akaja likizo, binti ya shangazi. Alikuwa anasomea wadudu chuoni, digrii ya pili, na nyumbani sote tushamwita Dakta hata kabla hajawa. Asubuhi moja akakaa kwenye benchi akiwatazama tu wale nyuki, soda aliyopewa imepata moto mkononi, alafu akamwambia ami, "Mjomba, hawa nawataka watatu." Ami akamuuliza wa kula au wa kufuga.

Akawanasa kwa chupa ya jemu, akaizika chupa kwenye barafu yangu mpaka wakalala. Nyuki akipata baridi anapoa kabisa, waweza kumshika kwa vidole, na wa kwetu pwani ujue si wapole. Akakata mrija wa soda vipande, kila nyuki akatiwa kwenye kipande chake, kichwa nje, shingoni kafungwa kijiselotepu chembamba. Walipoamka wakajikuta wamesimama wima hawana pa kwenda, akawaacha kivulini mpaka baada ya adhuhuri ili njaa iwashike, manake aliyeshiba hana hamu ya somo.

Akaniagiza mafuta ya karafuu na mafuta ya mnanaa kwa muuza dawa za kisunna pale nyuma, na sirinji mbili za kunyweshea watoto dawa. Pamba yenye mafuta ndani ya sirinji, ukibonyeza inatoka pumzi ya harufu. Kwanza akamjaribu nyuki kwa harufu ya karafuu peke yake, kimya, hakutikisika. Alafu akampulizia tena, akahesabu kidogo, na harufu ikiwa bado ipo akamgusa antena, vile vipembe viwili vya kichwani, kwa kijiti cha meno chenye maji ya sukari. Nyuki akatoa ulimi! Ule ulimi mrefu wa rangi ya kahawia, unajikunjua kutoka chini ya kidevu, akarambishwa tone moja. Tukangoja kama dakika kumi, akarudia. Tukangoja tena. Wakati huo tushapata watu, mpasuaji samaki kaja na kisu chake, muuza kahawa kaweka dele chini, watoto wa madrasa wametoroka, na ami analalamika kuwa wateja wanatazama hawanunui.

Mara iliyofuata Dakta akapuliza karafuu tu, kijiti kakiweka mbali. Ulimi ukatoka.

Wallahi pale mahali palilipuka. Mmoja akasema ni njaa tu, atatoa kwa chochote. Dakta akachukua ile sirinji ya mnanaa akapuliza, nyuki akatulia. Karafuu, ulimi. Mnanaa, hakuna. Wa pili vilevile, wa tatu alikuwa mzito hakuelewa kitu, Dakta akasema hata kwenye maabara wapo wa hivyo.

Alafu akatueleza kinachotokea ndani, na hapa ndo mi niliacha kuponda barafu. Ubongo wa nyuki una nyuroni, zile chembe za kupitishia habari, kama milioni moja hivi, wetu sisi ni bilioni 86, lakini ule mdogo unatosha kazi. Sukari ikigusa antena au ulimi, kuna nyuroni moja, moja tu, wameipa jina VUMmx1, inawaka na kumwaga kemikali iitwayo oktopamini kwenye sehemu zile zile za ubongo zinazopokea harufu. Harufu na oktopamini zikikutana hapo, njia ya ile harufu inakazwa. Mwaka 1993 mtafiti Martin Hammer kule Berlin aliiamsha hiyo nyuroni kwa umeme badala ya kumpa nyuki sukari, na nyuki akajifunza harufu vilevile bila kuonja kitu! Na lazima harufu itangulie, ukianza na utamu alafu ndo harufu, hashiki. Hilo la mpangilio lilinishangaza kuliko yote, manake mi nlidhani mdudu anachanganya tu kila kilichokuwepo.

Mpasuaji samaki akauliza hiyo oktopamini wameitoa wapi. Dakta akajibu, kwenye tezi za mate za pweza, Mtaliano aitwaye Erspamer ndo aliyeikuta huko mwanzo. Basi! Ile kusikia pweza wanaume wote wakaanza, supu ya pweza hiyo, si twasema siku zote, na Dakta mbele ya mjomba wake akainamia nyuki kama hajasikia.

Muuza kahawa naye akataka lake. Akaambiwa maua ya mbuni yana kafeini kidogo kwenye asali yake, na kuna utafiti wa 2013 ulioonyesha kuwa katika nyuki waliopewa sukari yenye kafeini ya kiasi hicho, baada ya saa 24, wanaoikumbuka harufu ni kama mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu. Akaliinua dele lake kwa majivuno, akauza vikombe vyote vilivyobaki.

Na mbu je? Hilo liliulizwa na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ametoka kuugua dengi. Dakta akasema yule Aedes mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, naye anajifunza, ila kwa kemikali nyingine, dopamini. Mwaka uliopita, 2018, watafiti wa Marekani walimpa mbu harufu ya binadamu pamoja na mtikiso mkali, kama wa kofi lililomkosa, na baadaye akaikwepa ile harufu, hata kesho yake. Mbu walioharibiwa kipokezi cha dopamini hawakujifunza kitu. Yaani kofi likikosa nalo si bure, umemfunza. Lakini msiende mkasema oktopamini ni ya raha na dopamini ni ya adhabu, akatuonya, kwa nzi wa matunda kuna nyuroni za dopamini zinazobeba habari ya sukari pia. Hapo watu wakaanza kuondoka, kila mmoja na jibu lake alilokwisha lipata.

Ami alikuwa na swali moja tu, la kazi. Kama nyuki wanakumbuka hivyo, mbona wasifunzwe kukaa mbali na glasi za wateja? Dakta akamwambia ni rahisi, wanashika mahali na pia saa, weka makapi mabichi ya miwa kule uchochoroni kila asubuhi wakati mmoja. Tukaweka. Siku chache tu wakahamia huko, mashini ikawa safi.

Akaja mteja wetu mmoja wa siku nyingi, akatazama mashini, akatazama glasi, akauliza, "Ami, leo mbona hata nyuki mmoja hamna, mmetia nini humu?"

Jioni hiyo hiyo ami akanituma nikalirudishe beseni la makapi, nusu ya njia.